Acha ya Breki

Baba yangu alikuwa fundi wa magari, na Kiswahili chake kilikuwa na maneno machache yaliyofanya kazi nyingi. Alikuwa na spana moja ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kulitaja mbele ya wajukuu, kwa sababu inakubali nati ya saizi yoyote. Maneno yake yalikuwa ya namna hiyo hiyo.

Neno lililofanya kazi kuliko yote lilikuwa "acha". Kikikuyu chetu kina neno moja la kuacha, na baba alilihamishia katika Kiswahili pamoja na mizigo yake yote. "Acha" iliweza kuwa nyamaza. Iliweza kuwa usijali, ama toka hapo, ama ngoja kidogo. Iliweza pia kuwa usiguse, kibaki hapo hapo kilipo. Sisi wa nyumbani hatukusumbuka. Tulimtazama uso tukajua ni acha gani. Shida ilikuja alipolala chini ya gari, ambako uso wake haukuonekana.

Gari lenyewe aliuziwa na mzungu wa Endarasha aliyekuwa akifunga virago baada ya uhuru. Lilikuwa gari la kupanda milima, magurudumu yake yote manne yakivuta, na lilikuwa limeshabeba kondoo, viazi, na mara moja ng'ombe aliyekuwa akizaa. Majirani zetu wa Skuta, mtaa wetu pale Nyeri, waliliita jipu. Shangazi alisema jina lilifaa, maana ukikaa juu yake kutoka Nyeri hadi Murang'a utadhani unalo.

Huyu shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, ameolewa Murang'a. Kwetu shangazi huitwa tata, na anayejua Kiswahili ataona kwamba na hilo nalo lilifaa. Mama yangu alipofariki, tata alijipa kazi ya kunitafutia maisha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kwa maoni yake nilikuwa nimeanza kuchacha. Basi alinipatia mume. Alikuwa mtu wa kwao huko Murang'a, amefiwa na mke, mwenye duka la mabati na misumari na watoto wanne. Mkubwa wao alikuwa amenizidi kimo na kunikaribia umri.

Mpango ulikuwa hivi. Jumamosi baba angeshuka Murang'a kuona boma la yule mtu, nami nikiwa nyuma ya gari na viazi na kabichi za kupeleka. Wangetuandalia chakula. Baba akila akamaliza sahani, basi amekubali, na mambo ya mbuzi wa mahari yangefuata. Baba hakuwahi katika maisha yake kuacha chakula kwenye sahani. Nilikuwa nikimjua, na ndiyo sababu wiki nzima sikulala vizuri. Sikumtaka mtu wa mabati. Nilimtaka mwingine, na huyo mwingine baba hakuwa amemwona hata kwa mbali.

Mimi nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini. Kulikuwa na polisi mmoja, mtu wa Ukambani, aliyekuwa akituletea ripoti zichapwe. Ripoti yake ya kwanza niliichapa vizuri kabisa, akaichukua akaenda zake. Nikaona nimefanya ujinga. Ya pili nikaiwekea makosa matatu, akarudi nayo. Ya tatu nikaiwekea sita. Ikafika mahali anakuja kila siku, akinisikitikia kwamba sikusoma vya kutosha, na ananiletea ndizi. Baada ya miezi saba ya makosa alinipenda kama nilivyompenda, lakini alikuwa mwoga wa wazee kuliko wa wezi.

Nilimwambia aje kwetu Jumamosi hiyo asubuhi, na sukari na majani ya chai, ajitambulishe kwa baba. Sikumwambia kwamba baba alikuwa na safari, wala ya wapi. Ningemwambia, angekimbia.

Tata alifika Ijumaa akalala kwetu ili kuhakikisha hatutoroki. Asubuhi baba alikuwa amelipandisha gari kwenye jeki na magogo. Siku mbili kabla, breki zilikuwa zimemfanyia kiburi karibu na soko: alikanyaga, pedali ikaenda mpaka sakafuni, gari likasimamishwa na ua wa jirani. Alikuta gurudumu moja la nyuma linavuja mafuta ya breki kwa ndani. Alibadilisha mpira uliochakaa, akarudisha kila kitu. Sasa ilibaki kutoa upepo, maana ukishafungua mfereji wa breki upepo huingia, na breki yenye upepo ni laini kama uji.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani akakanyaga pedali mara tatu nne, halafu akaishikilia chini kwa nguvu. Mwingine, chini ya gari, hufungua skrubu ndogo yenye tundu iliyo nyuma ya gurudumu. Mafuta hutoka pamoja na mapovu, kupitia mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa. Skrubu ikishafungwa, ndipo yule wa juu aachilie mguu. Akiachilia kabla, breki huvuta upepo ndani tena na kazi yote ni bure.

Kwa kawaida mkanyagaji nilikuwa mimi. Lakini saa tatu hiyo nilikuwa jikoni nikisugua viazi kwa amri ya tata, na polisi wangu akaingia uani. Alikuwa amevaa suti ya kahawia aliyoazima, na miguuni viatu vya kazi alivyovipaka rangi mpaka vinang'aa. Baba, kutoka chini ya gari, aliona viatu tu.

"Afande," akasema bila kutoka, "hii gari haiko barabarani. Iko kwa boma. Huwezi kushika gari iko kwa boma."

"Hapana, mzee. Sijakuja kushika gari."

"Sasa umekuja kushika nani?"

Niliwatazama kutoka mlango wa jikoni. Mtu wangu alifungua mdomo. Alimwona tata amekaa kwenye kigoda, mikono imekunjwa, akimkagua kama anayenunua mbuzi. Akanitazama mimi. Sukari na majani ya chai akavibana zaidi kwapani.

"Nimekuja kusaidia, mzee," akasema.

"Basi Mungu ni mkubwa," akasema baba. "Panda juu. Nikisema kanyaga, unakanyaga. Nikisema acha, acha."

Nikampokea sukari na majani ya chai, naye akapanda. Ndivyo ilivyoanza.

"Kanyaga! Kanyaga! Kanyaga! Acha!" baba akapaaza sauti.

Baba alikuwa na maana ya acha mguu hapo hapo chini. Polisi wangu alikuwa ametoka chuo cha polisi, ambako ukiambiwa acha, unaacha. Akainua mguu juu kabisa, kwa nidhamu. Skrubu ilikuwa imeshafunguliwa. Nikasikia sauti ndogo ya kunyonya, kama mtu anayemaliza chai kwa pupa.

"Ati nini?" baba akasema. "Tena. Kanyaga! Kanyaga! Kanyaga! Acha!"

Mguu juu. Sauti ya kunyonya.

Walikwenda hivyo gurudumu la kwanza, wakaenda la pili. Walipofika la pili nilikuwa nimeelewa kila kitu. Neno moja tu lingetosha. Ningesema, "Baba, mwambie ashikilie," na kabla ya saa tano breki zingekuwa ngumu na sisi tungekuwa kwenye kona za Othaya tukielekea kwa mtu wa mabati. Nikarudi kwenye viazi vyangu. Nilivisugua hata vile ambavyo vilikuwa safi.

Polisi hakuwa mjinga. Baada ya muda, nilipopita na ndoo ya maji, alinyoosha shingo dirishani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona huyu mzee akisema niache, nikiacha, anakasirika?"

"Wewe fanya vile mzee anasema," nikamwambia. "Baba hapendi mtu wa kujadiliana."

Naam, nilisema hivyo. Sikuona haya wakati ule na sasa nimezeeka mno kuanza.

Saa sita pedali ilikuwa bado inazama. Baba alitoka chini, akajifuta mikono, akakanyaga mwenyewe, akatikisa kichwa. Akamweleza tata kwa kirefu kwamba pengine ni masta, ile silinda kubwa iliyo karibu na pedali, inarudisha mafuta nyuma. Akaikagua masta. Haikuwa masta. Pengine ni mipira ya mbele imezeeka, ukikanyaga inavimba badala ya kusukuma mafuta. Akaishika mipira kwa mkono huku polisi akikanyaga. Haikuwa mipira. Pengine breki zimekaa mbali na ngoma, lile bakuli la chuma ndani ya gurudumu. Akazungusha na kukaza magurudumu yote manne, polepole, akisikiliza kila moja kama daktari wa kifua.

"Ndugu yangu," tata akasema, "wewe si uliniambia unajua gari?"

"Hii upepo ni ya ukaidi," baba akajibu. "Lakini rabda si upepo. Rabda ni huyu afande. Hajui hata kukanyaga."

Tata akacheka kwa furaha kubwa. Hakuwa ameambiwa afande ni nani kwangu, lakini alikuwa na macho. Alikuwa ameona ni mara ngapi nimechungulia kutoka jikoni. "Mtu ameshindwa na pedali," akasema, kwa Kiswahili ili mwenyewe asikie. "Sasa huyo ataweza nini?"

Hapo mzaha uliniisha. Nilimwona mtu wangu kwenye usukani, suti ya watu imelowa jasho mgongoni, ametazama mbele kama aliye kwenye gwaride la mvua. Nilikuwa nimemtega mwenyewe. Nikinyamaza, breki hazitapona na Murang'a hatutaenda, lakini baba atamjua huyu maisha yake yote kama mtu aliyeshindwa na pedali. Nikisema, ataonekana ana akili, na jioni baba atakuwa amemaliza sahani kwa mtu wa mabati. Roho iliniuma vibaya. Nilimimina chai kikombe kimoja, nikaamua kwamba heri aheshimiwe hata kama nitampoteza. Nikaenda nikainama chini ya gari kumwambia baba ukweli.

"Baba," nikaanza, "hilo neno acha..."

Kisha nikaona chupa.

Baba alinifundisha kutoa upepo tangu niko shule ya msingi, na kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba ncha ya ule mpira mwembamba lazima izame ndani ya mafuta chupani. Ikizama, hata mkanyagaji akikosea akaachilia mapema, breki hunywa mafuta tu, hazinywi upepo. Hata mlevi angeweza kukanyaga. Sasa chupa ilikuwa imesimama pale, imejaa nusu, safi. Na mpira ulikuwa nje, ncha yake imelala juu ya kitambaa kikavu, mahali ambapo mtu aliilaza kwa uangalifu.

Nilimtazama baba. Alikuwa amelala chali, spana kifuani, tone la mafuta kwenye kope. Sijui alikuwa amelala hivyo kwa muda gani bila kufanya chochote.

"Umeona nini, maitu?" akauliza. Maitu ni kusema "mama yangu" kwa Kikikuyu. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo yeye na tata waliniita mama huku wakinituma maji.

"Sijaona kitu, baba."

"Sawa. Hiyo chai ni yangu ama ya afande?"

"Ni yako."

"Peleka kwa afande. Yeye ndiye anafanya kazi."

Nilitoka pale nikampelekea afande chai. Baba hakuwahi kumpinga dada yake. Tangu utotoni tata ndiye aliyembeba mgongoni na kumchapa, na mpaka mvi zinamjaa kichwani aliinuka tata akiingia. Hakuwa na ulimi wa kumwambia kwamba hataki kunipeleka kwa watoto wanne na mabati. Alikuwa na mpira na kitambaa kikavu tu.

Basi tuliendelea, watu watatu tukimdanganya mmoja, na mmoja wa hao watatu hakujua kwamba anadanganya. Kanyaga, kanyaga, kanyaga, acha. Saa saba. Kanyaga, kanyaga, kanyaga, acha. Saa nane. Tata aliomba kwa Mungu mara moja, kwa sauti, mkono juu ya boneti. Baba alivua kofia akaitikia amina, kisha akarudi chini.

Saa tisa tata alisimama akakung'uta sketi. "Mimi naenda na basi," akasema. "Nitawaambia ndugu yangu ni fundi wa kufunga magari, si wa kufungua safari."

"Twende sote na basi basi," baba akasema, nami nikaona kitambaa chake kimefanya kazi bure.

"Na tushuke steji na magunia kama watu wametoka kufukuzwa shamba? Apana. Mambo ikiharibika, imeharibika." Akageuka kwa polisi. "Wewe. Umeshindwa na pedali. Gunia utaweza?"

Polisi wangu aliruka chini. Alibeba gunia la viazi mgongoni na kapu la kabichi mkononi, kutoka Skuta mpaka steji, na suti ya kuazima. Tata alitembea nyuma yake akiwa ameshika mwavuli, nami nyuma ya tata, na alipokuwa akiingia kwenye basi alinivuta sikio akaninong'oneza, "Mgongo iko. Kichwa sijui." Kwa tata hiyo ilikuwa sifa, na nilirudi nyumbani nikiwa nusu naelea.

Tulimkuta baba amekaa kwenye gogo, anavuta sigara. Aliizima vizuri, akaiweka nusu iliyobaki nyuma ya sikio.

"Amepata kiti?"

"Cha dirishani, mzee," polisi akasema.

"Haya," akasema baba, akiinuka. "Sasa tutengeneze hii gari."

Mtu wangu alimtazama, akanitazama mimi, akalitazama gari.

"Afande, sikiza," baba akaendelea. "Acha iko mbili. Iko acha ya polisi, na iko acha ya breki. Acha ya polisi, unatoa. Acha ya breki, unashika hapo hapo, hata mguu ikikufa, mpaka mimi niseme. Umeskia?"

"Nimesikia, mzee. Lakini... mbona hukuniambia asubuhi?"

"Asubuhi kulikuwa na wageni."

Akamwamuru avue koti, alale naye chini, ajifunze kufungua skrubu. Mimi nikapanda kwenye usukani, mahali pangu pa zamani. Mpira ulizamishwa chupani. Nilikanyaga, nikasikia "acha", nikashikilia; nikasikia mapovu yakitoka na baba akimwonyesha, "Unaona? Hiyo ndiyo tulikuwa tunatafuta siku mzima." Alisema bila aibu hata kidogo. Gurudumu la nyuma la kushoto kwanza, lililo mbali zaidi na masta, kisha la kulia, kisha yale ya mbele. Haikuchukua hata saa nzima. Pedali ilipanda chini ya mguu wangu ikawa ngumu kama jiwe la kusagia.

Gurudumu la mwisho baba alikawia. Nilishikilia, nikashikilia, nikawasikia wanaongea huko chini kwa sauti ya chini, baba akiuliza na mwenzake akijibu, "Ndio, mzee," na tena, "Ndio, mzee," na mara moja, "Miezi saba, mzee." Mguu ulikufa ganzi kabisa. Sikuthubutu kuuinua.

Hatimaye skrubu ilikazwa. Polisi alitoka wa kwanza, shati limejaa mafuta na uso unang'aa. Nilijaribu kushuka, na mguu ukakataa kunibeba. Lile gari lilikuwa refu kwenda juu. Akanyoosha mkono wake mchafu, akaushika wangu, nikashuka taratibu, na nilipofika chini wote wawili tulisahau kuachana.

Baba akatokea upande wa pili wa boneti. Alisimama akaitazama ile mikono.

"Acha," akasema.

Niliuona uso wa baba, lakini kwa mara ya kwanza maishani sikuweza kuusoma. Nikasikia vidole vya polisi vinalegea, kwa mazoea ya siku nzima. Kisha vikasita. Hakuachilia.

"Acha gani, mzee?" akauliza.

Baba alichukua ile nusu ya sigara kutoka nyuma ya sikio, akaitazama kama imepinda.

"Ya breki," akasema, akaingia ndani kutafuta sukari iliyoletwa asubuhi.